Jitu Lisilo na Kinywa

Jora la kitambaa cheusi lilikuwa limebaki moja dukani kwa Nasima, na watu wawili walikuwa wamelishika, kila mmoja ncha yake, na hakuna aliyeonyesha nia ya kuliachia.

Ilikuwa siku ya soko mjini Kitui, mwisho wa Novemba. Mvua ilikuwa imenyesha, na kila mwenye shilingi na asiye nayo alikuwa ameshuka mjini. Upande wa mlangoni alisimama Kathini, fundi wa nguo, kavaa gauni la rangi ya haradali, tepu ya kupimia shingoni, nywele zimesukwa mistari ya kwenda nyuma kwa adabu. Upande wa ndani alisimama kijana mrefu mwenye fulana nyeusi, na kifuani mwa fulana hiyo kulikuwa na picha ya jitu jeupe lililofumba macho, halina mdomo. Kathini aliliona jitu kabla ya kumwona mwenye fulana, na hakulipenda.

"Achilia, kaka. Mimi nimeshika kwanza."

"Umeshika kwanza, lakini mimi nimeiona kwanza. Si macho ndio hutangulia mkono?"

"Na unaenda kushona nini wewe? Hata sindano hujui inashikwa wapi."

"Sishoni. Nataka giza."

"Ati nini?"

"Giza, madam. Niko na ukumbi wa video hapo nyuma ya soko, na madirisha inaingiza jua. Filamu yenye naleta wiki hii, ukiiona na mwanga ni kama hujaiona."

"Na mimi niko na watoto wa nasari. Wanamaliza shule Ijumaa, na mwalimu anataka wavae majoho kama watu wa yunivasiti. Nimwambie nini? Ati majoho imepelekwa kwa video?"

Nasima, mwenye duka, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na vitambaa vyake na Kiswahili chake, aliwatazama kwa raha. Hakuwa na haraka.

"Jamani, jora hili halijatolewa mahari," akasema. "Mwaligombania ya nini? Nalikata kati, kila mtu aende na lake."

Akalikata. Majoho ya watoto yakaja kuwa mafupi kidogo, na dirisha moja la ukumbi likafunikwa kwa gunia. Lakini yule kijana, jina lake Mbithi, mzaliwa wa Nuu, hakutoka dukani kabla ya kupata namba ya simu ya fundi. Alisema ni ya kushonesha mapazia. Nasima alikohoa, akajifanya anahesabu vifungo.

Jumamosi Kathini akaenda kuona giza lake lilifanya kazi gani. Alijiambia anakwenda kukagua kitambaa, na kwa ukaguzi huo alivaa sketi ya bluu ya kanisani na viatu vya kisigino.

Mbithi alikuwa DJ wa filamu. Usifikirie muziki. DJ wa filamu ni yule anayeketi kando ya skrini na maikrofoni, akachukua sinema ya watu wa mbali na kuisimulia kwa Kikamba na Kiswahili mpaka kila mzungu aliye ndani awe mtu wa Mwingi. Kazi hiyo ina sheria moja tu: usinyamaze. Ukinyamaza, watu watasema DJ amelala, nao wataanza kupiga mabenchi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kwanza katika mfululizo. Wanaanga wanatua kwenye mwezi wa mbali, penye uwanda wa chumvi usio na mwisho, na hapo wanakuta majitu yamezama kwenye chumvi mpaka kifuani. Yamesimama hivyo tangu kabla dunia haijapata maji. Ni marefu kama mlingoti wa simu, meupe, hayana vinywa. Mbithi aliyaita Wakale. Wanaanga wanagundua kwamba Wakale ndio waliomfinyanga mtu wa kwanza, na wakiwa bado wanashangilia ugunduzi huo, Mkale mmoja anafumbua macho na kuanza kuwaua.

Kathini alipiga kelele na kumkumbatia mama mmoja asiyemjua. Mama naye alimkumbatia. Walipotoka nje walikuwa bado wameshikana.

"Umeogopa, Fundi?" Mbithi alimngojea mlangoni, kacheka mpaka meno ya nyuma.

"Nani, mimi? Nilikuwa nanyoosha koo."

"Koo limenyooka. Hata Kalundu wamesikia."

"Lakini niambie, Bwana Giza. Hao Wakale, si ndio walituumba?"

"Ndio."

"Sasa mbona wanatuua?"

"Hakuna mtu anajua. Hawana mdomo, watasemaje? Hata wenye filamu hawajaeleza. Ndio maana kuna ya pili, na ya tatu inakuja."

"Asiye na mdomo husema," Kathini akajibu. "Ni nyinyi hamjui kusikiliza."

Mbithi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo simu hazikukatika. Alimpigia asubuhi kumuuliza kama ameamka, na akiambiwa ameamka, alimuuliza kama ana uhakika. Alimwita Fundi, alimwita mrembo wa cherehani, na siku alizokuwa na njaa alimwita mama chapati. Kathini alimwita Bwana Giza na kumwambia apunguze maneno kwa sababu mengine yatahitajika kesho. Kisha alikaa na simu mkononi akitabasamu ukutani. Mapenzi hayana aibu, na yalimkuta fundi huyu akiwa amekaa peke yake muda mrefu.

Jumapili moja baada ya ibada walikula kuku na chapati katika hoteli ya karibu na steji ya matatu. Kathini alikuwa na gauni jipya la kijani alilojishonea mwenyewe, na Mbithi aliisifu kola yake mpaka mhudumu akakubali kwamba ni kola nzuri. Hapo ndipo Kathini alipomweleza habari za baba yake.

Mzee Mulinge aliishi Kilungu, kule milimani, na miti yake ya maparachichi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, msema kweli na mwongo wa kuchekesha. Kisha kiharusi kikampiga shambani. Akabaki na mkono wa kushoto tu na akili zake zote, lakini ulimi ukakataa. Kila jioni Kathini hupiga simu nyumbani, na mama yake huiweka simu kwenye sikio la mzee.

"Na unamwambia nini, kama hawezi kujibu?" Mbithi akauliza taratibu.

Kathini alisitasita. Maneno yale hakuwahi kumpa mtu.

"Namwambia, 'Baba, usihangaike kujibu. Pumua tu. Nikikusikia ukipumua, najua bado nina kwetu.' Halafu namsikia anavuta pumzi, anashusha. Basi, tumesalimiana. Baada ya hapo namweleza mambo ya kazi."

Mbithi aliukamata mkono wake juu ya meza, mbele ya wahudumu na waumini wote waliokuwa wanakula, na hakuuachia hadi chai ikapoa. Machozi yalimlenga. Kathini alimpenda hapo kabisa, bila kubakiza kitu.

Karibu na Pasaka sehemu ya tatu ya filamu ikafika. Watu walijaa ukumbini mpaka wengine wakakalia kreti za soda. Kathini hakuwepo, alikuwa na sare za kwaya za kumaliza.

Mwisho wa sehemu hiyo, Wakale wote wamekufa isipokuwa mmoja, naye anakata roho kwenye chumvi. Binti mmoja aliyesalia hai angeweza kukimbia, lakini anarudi, anaketi karibu na kile kichwa kikubwa cheupe, anaweka kiganja chake kwenye shavu la jitu. Filamu haisemi neno hapo. Ni upepo tu, kwa muda mrefu. Na DJ hanyamazi.

Wiki mbili baadaye Kathini alishuka Malili, akielekea nyumbani Kilungu kuona wazazi. Pale barabara ya Mombasa kuna kelele za kila aina, na duka moja la vifaa vya simu lilikuwa limetoa spika nje. Sauti iliyotoka humo aliijua kama anavyojua mlango wa chumba chake. Alitabasamu, akasogea. Mama muuza ndizi alikuwa amesimama na leso machoni.

"Mkubwa wangu," sauti ya Mbithi ilisema, na kinanda cha huzuni nyuma yake, "usihangaike kujibu. Pumua tu. Nikikusikia ukipumua, najua bado nina kwetu."

Kathini aliganda. Hatua chache mbele, jamaa aliyekuwa akijaza upepo gurudumu la lori alilipiga teke kidogo na kupaza sauti, "Mkubwa, usihangaike kujibu! Pumua tu!" Watu wa steji wakacheka mpaka wakapigana makofi migongoni. Ikaonekana wamekuwa wakisema hivyo wiki nzima.

Alipiga simu akiwa amesimama papo hapo.

"Babe! Umesikia clip yenye watu walirekodi ukumbini?" Mbithi alipokea kwa furaha. "Imefika mpaka Mombasa! Kuna redio wamenipigia, wanataka—"

"Mbithi, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Si ni wewe uliniambia?"

"Nilikuambia wewe."

"Watu wamelia, Kathini. Wanaume wazima. Wale wa boda boda, unawajua venye wako."

"Walimlilia nani?"

"Waliguswa tu..."

"Walimlilia jitu. Baba yangu ni jitu?"

"Aki sikutaja jina lake. Hakuna mtu anajua ni yeye."

"Mimi najua. Hapa Malili wanajaza tairi na maneno yangu, Mbithi. Usinipigie tena."

Alikata. Mbithi alipiga tena na tena, na Kathini akaizima simu na kuitia kwenye mkoba chini ya mkate wa wazazi.

Jambo baya zaidi lilikuwa linamngoja nyumbani. Aliketi kando ya baba yake, akamshika ule mkono mzima wa kushoto, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Kila neno alilolitafuta lilikuja na sauti ya Mbithi na kile kinanda. Mzee alimtazama, akangoja. Kathini akasema anakwenda kuchota maji, ingawa mitungi ilikuwa imejaa.

Aliporudi Kitui ikawa vilevile. Jioni mama aliweka simu kwenye sikio la mzee, na Kathini akasikia ile pumzi ikivutwa na kushushwa, ikimngoja, na yeye akang'ata mdomo wake.

"Kathini, uko?" mama alirudi hewani. "Baba yako ameshika simu."

"Niko, Mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Ni mtandao mbaya."

Mtandao ukawa mbaya kesho yake, na kesho kutwa. Mwishowe hakupiga kabisa. Mama akasema mzee siku hizi anageuza kichwa kuelekea simu ikifika jioni, halafu anakigeuzia ukutani. Kathini alilia juu ya cherehani mpaka sare ya kwaya ikalowa. Kupoteza mwanamume aliweza kuvumilia. Lakini alikuwa anampoteza baba yake akiwa hai, na hakujua atamrudia kwa njia gani.

Alimweleza Nasima, na Nasima hakuwa mtu wa kukaa na jambo kama hilo kifuani. Siku hiyohiyo alifunga duka, akajitanda mtandio wake mzuri na kwenda kumtafuta Mbithi.

"Nimemwambia yote," akaja kumwarifu Kathini bila haya. "Nimemwambia, 'Mwenzio hasemi na babake kwa ajili yako.' Mwanamume aliketi chini kama gunia. Alidhani umekasirika tu, kumbe umekwama."

"Mbona umemwambia? Sitaki anihurumie."

"Sikiliza kwanza. Jana kaka yangu Haroun alikwenda huko kwenye video. Ilipofika ile sehemu ya binti na lile jitu, Mbithi kazima maikrofoni. Kanyamaza tuli! Watu wakapiga mabenchi, wakamzomea, DJ amelala, DJ amekufa. Haroun asema alikaa hivyo mpaka sehemu ikaisha, jasho lamtoka. Na wale wa redio waliitaka sehemu hiyo, akawaambia si yake."

Kathini aliendelea kukata uzi kwa meno. Moyo ulimruka, hatuwezi kusema haukuruka.

"Ni vizuri," akasema hatimaye. "Lakini yeye kunyamaza kunanisaidia nini, Nasima? Hata mimi nimenyamaza."

Nasima akamsukumia mkasi, aache kukata uzi kwa meno.

Jumamosi Kathini alipanda kwenda Kilungu. Alivaa gauni lake la kijani kwa sababu ndilo lililokuwa safi, na alikuwa ameazimia kuketi na baba yake hata kama wote wawili watakuwa bubu. Njia ya miguu ilikuwa na utelezi, maparachichi yameanguka pembeni. Kabla hajafika uani alisikia sauti ya mwanamume ikisimulia kwa Kikamba, na baada ya sauti hiyo, mguno wa kicheko. Mguno huo aliujua. Hakuwa ameusikia tangu kiharusi.

Mama yake alikuwa jikoni, nusu amejificha nyuma ya mlango, kitenge kimefungwa vizuri na kitambaa kipya kichwani.

"Mwaitu, ni nani huyo?"

"Ni mgeni wa baba yako," mama akanong'ona. "Amekuja tangu asubuhi na sukari na majani ya chai. Mimi siwezi kutoka hapo. Chai nimempelekea kwa kumwekea kwenye jiwe."

Kathini alielewa. Kwa Wakamba, mama na mwanamume anayemtaka binti yake hawatazamani ovyo. Mama huyu hakuambiwa na mtu kwamba mgeni anamtaka Kathini, ila alikuwa ameshaamua.

Mbithi aliketi kwenye kigoda mbele ya kiti cha mzee, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimejaa matope ya Kilungu. Hakukuwa na skrini wala maikrofoni. Alikuwa akisimulia sehemu zote tatu kwa mikono na macho tu, na mzee alikuwa ameinama mbele, mate kidogo kwenye pembe ya mdomo, hataki kupitwa. Mbithi alimwona Kathini. Lakini akaendelea, kwa sababu Mkale wa mwisho alikuwa anaanguka.

"Akalala kwenye chumvi, mzee. Na yule msichana akarudi. Akakaa karibu na kichwa chake."

Akanyamaza. Mzee alingoja. Kisha akagonga mkono wa kiti kwa kidole, akimhimiza.

"Hapa filamu haina maneno," Mbithi akasema. "Mimi niliweka. Niliyaiba kwa Kathini, ni yale yeye hukuambia kwa simu. Nilifikiri kwa vile ni mazuri, yanaweza kuwa ya kila mtu. Sasa yeye hayasemi tena, na wewe umekosa kuyasikia. Kosa ni langu, si lake. Nilitaka ujue kwa nini simu imenyamaza, usije ukadhani amekusahau."

Mzee Mulinge aligeuza kichwa, akamtafuta binti yake uani.

Kathini alikuja akapiga magoti kando ya kiti bila kujali matope wala gauni. Alitafuta yale maneno ya zamani, akayakuta bado yana kinanda. Akayaacha yalipo.

"Baba," akasema, "nimekukosea. Nilimkasirikia yeye, halafu nikakunyamazia wewe. Sikuwa na maneno, nikaona ni afadhali nikae mbali. Nimekukumbuka mpaka nimekosa usingizi. Nimeshona sare za kwaya nzima na nimekosea mikono ya watu wawili." Akaanza kulia na kucheka. "Nina mambo mengi ya kukuambia, hata sijui nianzie wapi. Nitaanza tu."

Na akaanza. Alimweleza habari za kwaya, za Nasima na mtandio wake, za bei ya vifungo, mambo ya ovyo yasiyo na mpangilio. Mzee alimfuta machozi kwa kiganja kile kimoja, kwa nguvu, kama alivyomfuta kamasi utotoni. Mbithi alisimama ili aondoke, maana aliona kazi yake imekwisha na hakujua kama anaruhusiwa kubaki.

Mzee akaguna kwa ukali. Mbithi akaketi.

Mkono wa kushoto uliinuka polepole. Ulimwonyesha Mbithi, ukamwonyesha Kathini, ukarudi hewani mbele ya uso wa mzee. Vidole vitatu vikasimama, vikitetemeka, lakini vimesimama.

Hakuna Mkamba aliyehitaji kufafanuliwa. Ni mbuzi watatu wa ntheo, wale wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, na wakishachinjwa, msichana ameposwa, ana mwenyewe. Mbithi alifungua kinywa, akakifunga. Mtu aliyekuwa akiwapa maneno watu wa sayari zote hakupata hata moja la kwake.

"Na wawe wanene!" sauti ikatoka nyuma ya mlango wa jikoni. "Watu wa Nuu wana mbuzi wengi kuliko watu, asituletee vilivyokonda!"

"Mwaitu!" Kathini akajifunika uso.

"Usiniite Mwaitu. Jibu wewe, maana ni wewe utakaa naye na hayo majitu yake. Akileta mbuzi, tuwachinje ama tuwarudishe?"

Mbithi alimtazama Kathini, na shati lake jeupe lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Hakumhimiza, wala hakumtania. Alikaa tu kimya na kungoja, akiwa na hofu aliyoshindwa kuificha.

Kathini alimwacha angoje kidogo. Alistahili. Kisha akauchukua mkono wa baba yake, akavikunja vile vidole vitatu taratibu ndani ya kiganja chake mwenyewe, akamgeukia.

"Lete," akasema. "Wachinjwe."